Mbona muhogo tunaula na leso hatuili: shajara ya mradi wa molekuli

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tumeanza leo. Watoto tisa, mkeka mmoja, kibarazani kwa nyanya hapa Majengo. Kazi yangu ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari, na mwaka hadi mwaka nawaona wanafunzi wakikariri "wanga, protini, mafuta" kama majina ya vituo vya matatu, bila kujua ni vitu gani vinavyotajwa. Kwa muda mrefu nimetaka kuwawahi watoto kabla hawajafika huko, tena kwa lugha wanayochezea. Lengo ni kwamba shule zikifungwa Agosti, kila mmoja awe ameishika kwa mikono yake kila jamii ya molekuli zinazojenga viumbe hai. Jamii ni nne: sukari na wanga, mafuta, protini, na asidi nukleiki. Na aweze kumweleza mamake jikoni bila kufungua daftari.

Vifaa vya leo: dengu na pojo zilizorowekwa usiku kucha, rangi nyekundu ya biriani, na pakiti ya vijiti vya kuchokolea meno. Dengu tupu ni kaboni. Dengu iliyochovywa rangi ni oksijeni. Pojo, kwa udogo wake, ni hidrojeni. Sheria niliyowapa ni moja: kaboni ina mikono minne, oksijeni miwili, hidrojeni mmoja, na hakuna mkono wa kubaki mtupu.

Tukajenga glukosi, sukari inayotembea katika damu yetu. Ina kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6, na ndani ya maji aghalabu hujikunja ikawa pete. Pete ya kwanza ilichukua karibu saa nzima kwa sababu pojo hupasuka ovyo. Ilipokamilika tukahesabu: punje 24, vijiti 24. Msichana mmoja wa gredi ya sita akanyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akasema vijiti ilikuwa lazima viwe 24, maana mikono yote kwa jumla ni 48 na kila kijiti kinashika miwili. Sikumfundisha hilo.

Ya pili ilipokuwa tayari niliwaonyesha afanyalo mmea. Pete hii inatoa hidrojeni moja, ile inatoa oksijeni iliyoshikana na hidrojeni, halafu pete mbili zinaungana kwa oksijeni iliyobaki. Punje tatu zilizotoka ni nini? Wakaziunganisha. Maji! Tumeyatia "maji" hayo katika kikombe cha kahawa cha nyanya, na tumekubaliana kuwa kila kifungo tutakachofunga katika mradi huu, maji yake yataingia humo.

Jumatano, 18 Juni

Ukungu. Niliziacha pete kwenye rafu ya jikoni, na hewa ya Mombasa inajulikana. Dengu zimeota manyoya ya kijivu, pojo zimekuwa rojo. Nilikasirika, nikataka kuzitupa kabla watoto hawajaziona, lakini mmoja wao alinikuta nazo mkononi. Ni mvulana wa miaka kumi, si msemaji. Alizitazama kwa karibu, pua inakaribia kugusa, kisha akauliza kwa nini ukungu umekula dengu na vijiti umeviacha.

Nikatazama. Ni kweli. Vijiti vilikuwa safi kama vilivyotoka kwenye pakiti, kila kimoja kinachomoza katikati ya manyoya. Nikamjibu haraka haraka: ukungu umefuata wanga wa dengu, na wanga ni glukosi nyingi zilizofungwa mnyororo. Na kijiti? Kijiti ni mti, na sehemu kubwa ya mti ni selulosi, na selulosi nayo ni glukosi nyingi zilizofungwa mnyororo.

Nilipojisikia nikisema hivyo nikakaa chini. Huo si jibu, ni fumbo jipya, na ni fumbo bora kuliko mpango wote niliouandika. Sukari ni ile ile. Mbona huyu ni chakula na yule ni ukuni?

Jumamosi, 21 Juni

Nimewapa swali la mwenzao, nao wakalichukua na kulipeleka mbali. Makuti je? Karatasi? Nikasema pamba inapita vyote, kwani zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzi wa pamba ni selulosi. Basi hata leso, akasema mmoja. Ndiyo, hata leso. Nyanya alikuwa mlangoni, akaishika leso aliyojifunga na kuikagua pindo kama aliyeuziwa jana. Ndipo swali likapata sura yake, nalo limeandikwa kwa chaki ukutani: MBONA MUHOGO TUNAULA NA LESO HATUILI.

Leo kazi ilikuwa kuutafuta wanga. Nimenunua dawa ya iodini ya vidonda kwenye duka la dawa, nikaizimua kwa maji mara kumi hadi ikawa na rangi ya chai ya mkandaa. Tone moja juu ya muhogo mbichi, na papo hapo doa jeusi lenye ubuluu. Mchele, vivyo hivyo. Hamri, vivyo hivyo. Ndizi mbichi imekuwa nyeusi, ndizi iliyoiva sana imebaki na madoa hafifu tu, na hapo sikuhitaji kusema kitu: waliionja, wakajua wanga umekwenda wapi. Nyama ya nazi haikubadilika rangi. Utajiri wake uko kwenye mafuta.

Majaribio mawili yalitukatalia, na nayaandika kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyotufunza zaidi.

La kwanza ni uji. Nyanya alitoa uji wa muhogo motoni, tukatia tone, hakuna. Tone la pili, hakuna. Watoto wakaanza kuniangalia. Tukauacha tukaenda kushughulika na ndizi, na tuliporudi bakuli lilikuwa buluu tupu. Mnyororo wa wanga, ule usio na matawi unaoitwa amilosi, hujisokota kama ngazi za ndani ya mnara wa msikiti, kiasi cha glukosi sita kila mzunguko, na iodini huingia katika uwazi wa katikati. Rangi inatokana na hapo. Moto hulegeza msokoto, iodini ikakosa pa kukaa. Uji ukipoa, ngazi hujisokota tena. Tuliupasha moto mara tatu na kuupoza mara tatu ili tuone rangi ikienda na kurudi, mpaka nyanya akadai sufuria yake.

La pili ni muhogo wa kukaanga ulionunuliwa barabarani, ule wa ndimu na pilipili. Hakuna rangi hata baada ya kupoa. Mvulana wa ukungu akasema labda ni ndimu. Tukatia tone la iodini juu ya muhogo mtupu, likawa jeusi, tukakamulia ndimu juu yake, na doa likafifia machoni petu. Vitamini C ya ndimu huipa iodini elektroni, vijichembe vya umeme vilivyomo ndani ya atomi, nayo hugeuka kuwa hali isiyo na rangi. Muhogo haukupoteza wanga wowote. Iodini ndiyo iliyonyamazishwa.

Jumamosi, 28 Juni

Leo leso. Kila mtoto alitabiri kabla: pamba si wanga, kwa hiyo rangi haitatokea. Tukaanza na leso mpya ambayo bado ina ule ugumu wa dukani. Tone moja. Buluu.

Sikuitarajia, wala sikuficha kwamba sikuitarajia. Tukajaribu leso kuukuu ya nyanya, iliyofuliwa miaka: kahawia ya iodini, basi. Jibu lilitoka kwa jirani anayefua kofia za vito, alikuwa amesimama akitutazama. Akasema, "Si kanji hiyo?" Ndiyo. Yeye mwenyewe huzitia kofia kanji ili zisimame, na kanji ni wanga. Viwandani pia nyuzi hupakwa wanga zisikatike zikiwa kwenye kitanda cha kufumia. Kipande cha leso mpya tukakifua kwa maji moto na sabuni, tukakisuuza mara nne, tukakianika, tukakijaribu tena. Buluu imeondoka karibu yote. Kwa hiyo leso mpya hubeba mnyororo wa aina zote mbili kwa pamoja, mmoja unatoka kwa kufuliwa na mwengine ndiyo nguo yenyewe.

Baada ya adhuhuri tukakata pete za maboksi, zenye pembe sita, kila moja na bendera ndogo kwenye pembe moja. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Glukosi ina sura mbili zinazotofautiana mahali pamoja tu, kwenye kaboni ya kwanza: kile kikundi cha oksijeni na hidrojeni huelekea chini katika alfa, na juu katika beta. Ukifunga alfa kwa alfa, pete zote zinakaa na bendera upande mmoja. Ukifunga beta kwa beta, kifungo hakifiki mpaka umpindue mwenzake kichwa chini, na anayefuata umrudishe, na anayefuata umpindue. Bendera juu, bendera chini, juu, chini.

Watoto walifunga minyororo miwili ya pete kumi na nne. Wa alfa ukawa unapinda upande ule ule kila hatua, ukajisokota. Wa beta, kila mpindo ulifutwa na unaofuata, ukanyooka kama rula. Tukaongeza mingine miwili ya beta, tukaweka yote mitatu iliyonyooka sambamba juu ya mkeka. Minyororo ya selulosi ikilala hivyo hushikana ubavu kwa ubavu kwa hidrojeni zake. Kila mshiko ni dhaifu, lakini ni maelfu kwa maelfu, na maji hayapati mwanya wa kuingia. Huo ndio uzi. Ule uliojisokota una nafasi, maji yanapita, nasi tunapata uji.

Vifungo vya leo: 13 kwa kila mnyororo. Kikombe cha kahawa kimejaa, tumehamia bakuli.

Jumamosi, 5 Julai

Mate. Uji mwepesi wa muhogo uliopoa hadi joto la mkono, kila mtoto na bakuli lake na mate yake. Kila dakika tone moja la uji kwenye sahani nyeupe, na tone la iodini juu yake. Sahani ya yule wa gredi ya sita ilikuwa nzuri kuitazama: safu ya madoa, buluu nzito, buluu, zambarau, kahawia nyekundu, halafu rangi ya iodini peke yake. Uji wenyewe ulikuwa umegeuka maji maji bakulini. Mate yaliyochemshwa kwanza hayakufanya kitu.

Kilichomo katika mate ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi kama hii ya kukata, kiitwacho amilesi. Hukikata kifungo cha alfa kwa kurudisha maji yale yale yaliyotoka wakati wa kufunga, kwa hiyo kila mkato tuliouigiza kwenye maboksi tulichukua maji kutoka bakulini. Kifungo cha beta hakikati. Mkemia Mjerumani Emil Fischer, aliyeitambua sura ya glukosi mwaka 1891, alisema mwaka 1894 kuwa kimeng'enya na kitu kinachokatwa nacho hulingana kama ufunguo na kufuli. Tulitia kipande cha leso kuukuu ndani ya mate kutwa. Kimetoka leso.

Nyanya alisema zamani mama alikuwa akimtafunia mtoto mchanga wali kabla ya kumlisha. Nikamwambia alikuwa akimwanzishia kazi.

Jumatano, 9 Julai

Kidogo tu. Kusi imepoza usiku, na asubuhi hii chupa ya mafuta ya nazi ya nyanya ilikuwa na ukungu mweupe chini. Mafuta ya simsim, rafu ile ile, maji tupu. Mafuta ya nazi huanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi, ndiyo maana hapa tunayajua kama kitu cha kumiminika na aliyehamia Nairobi huyachota kwa kijiko. Mikia yake, minyororo mirefu ya kaboni, imenyooka, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12, na vitu vilivyonyooka hupangika vizuri, kama pete zetu za beta. Mikia ya simsim mingi ina kifungo maradufu (kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili miwili) kinachoipinda, haipangiki. Kila mafuta ni gliserini moja na mikia mitatu. Maji matatu bakulini.

Jumamosi, 12 Julai

Leo niliogopa kidogo kabla ya kuanza. Protini ni shanga za aina 20, zinazoitwa asidi amino, zilizotungwa kwa mpangilio maalumu. Nilitaka watunge mnyororo wa kweli, nao ni ule uitwao beta (jina tu, si ile beta ya glukosi) wa himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu. Una asidi amino 146. Lakini mmoja wa watoto hawa dadake ana seli mundu, na nilijua tutafika huko. Nilimwendea mama yao jana jioni nikamweleza ninachokusudia. Akasema, "Waambie. Mimi mwenyewe nataka kusikia." Amekuja, amekaa mkekani nasi.

Kutunga shanga 146 huchukua muda. Nilisoma orodha, wakatunga, tukakosea, tukafumua. Valini, histidini, liusini, thrionini, prolini, kisha ya sita: asidi glutamiki. Hapo tukasimama. Katika seli mundu, nafasi hiyo ya sita ina valini badala yake. Nyingine zote 145 ni zile zile. Tukatunga mnyororo wa pili na kuweka ushanga mwekundu mahali pa sita, tukaining'iniza yote miwili mlangoni.

Asidi glutamiki inapatana na maji. Valini inayakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni, ile valini hutafuta pa kujificha na hujibana kwenye himoglobini jirani, na jirani kwa jirani, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ndani ya chembe ya damu na kuivuta iwe na umbo la mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa myembamba. Huo ndio uchungu.

Mama yule alishika ushanga mwekundu kwa vidole viwili kwa muda. Akauliza kama ni kwa sababu ya kitu alichokula akiwa mjamzito. Nilimwambia hapana, na nikarudia hapana. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na hakuna aliyekosea. Nikamweleza pia kwa nini iko kwa wingi Pwani. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kuwa urithi huu ni mwingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria na ni haba nyanda za juu, na mwaka 1954 akatoa ushahidi kuwa mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ushanga huo uliwaokoa wengi ndipo ukatufikia.

Maji 145 kwa kila mnyororo. Bakuli halitoshi.

Jumamosi, 19 Julai

Jamii ya nne, asidi nukleiki: DNA ya ndizi. Ndizi iliyopondwa, chumvi, sabuni ya vyombo, ikachujwa kwa kitambaa, kisha spiriti baridi ya duka la dawa juu yake polepole. Utando mweupe ukapanda, watoto wakauzungusha kwa kijiti. Niliwaambia ukweli kwamba sehemu kubwa ya utando huo ni pektini ya ndizi, nayo ni aina nyingine ya mnyororo wa sukari, DNA imo ndani yake. Walivunjika moyo kidogo.

Lililowagusa ni herufi. DNA ina herufi nne, A, T, G na C, na kila tatu zinaagiza ushanga mmoja. Pale pa sita pameandikwa GAG. Katika seli mundu pameandikwa GTG. Mvulana wa dada yule alikwenda mlangoni, akaugusa ushanga mwekundu, akarudi kukaa.

Jumamosi, 26 Julai

Tumerudi kwenye swali la ukutani, na aliyeturudisha ni mbuzi. Alikuja kibarazani kama waendavyo mbuzi wa mtaa huu, akachukua mnyororo wa maboksi wa beta na kuutafuna mbele yetu wote. Watoto walipiga kelele. Kisha yule mdogo akauliza anawezaje.

Hawezi yeye. Katika tumbo lake kubwa, la kwanza kati ya vyumba vinne, wanaishi bakteria na viumbe wengine wadogo wenye kimeng'enya cha kukata beta. Wao hula selulosi na kumwachia yeye asidi ndogo ndogo, kama ile ya siki, ndizo anazoishi nazo. Anacheua ili kuwasagia tena.

Tukataka kuona. Baba wa mtoto mmoja ana bucha, ametuletea maji ya tumbo kubwa la mbuzi aliyechinjwa asubuhi. Nilivaa glavu na sikumruhusu mtoto kuyagusa. Nimechomoa uzi mmoja wa pamba kwenye pindo la leso kuukuu, nikafunga ushanga chini yake, nikauning'iniza ndani ya chupa ya maji hayo. Uzi ukiliwa, ushanga utaanguka.

Jumatano, 30 Julai

Ushanga haujaanguka. Chupa inanuka uchachu mkali. Makosa ni matatu na yote ni yangu: niliijaza nusu tu, hewa ikajaa juu, na wengi wa viumbe hawa huuawa na oksijeni. Niliiacha kwenye joto la chumba, na tumboni kwa mbuzi ni nyuzi 39 hivi. Na sikuweka kitu cha kupunguza uchachu, kazi ambayo mate ya mbuzi huifanya kwa magadi yaliyomo ndani yake.

Jumamosi, 2 Agosti

Mara ya pili. Maji mapya yameletwa katika chupa ya chai iliyopashwa moto. Nimeyachuja, nimetia magadi ya kupikia kidogo, nimejaza chupa hadi shingoni na kuvisha mdomo wake baluni ili gesi ipate pa kwenda. Chupa tatu: uzi wa leso ndani ya maji ya mbuzi, uzi wa leso ndani ya maji ya mfereji, na kipande cha mshipi wa nailoni ndani ya maji ya mbuzi. Kila moja ina ushanga, na uzi wa kwanza unao ule mwekundu. Ndivyo walivyotaka watoto, baada ya kumwomba ruhusa anayehusika nao zaidi. Zote ziko ndani ya boksi la barafu lenye maji ya nyuzi 39. Tumeanza saa tano asubuhi.

Jumapili, 3 Agosti

Baluni zimesimama. Nyanya alibadilisha maji moto alipoamka kuswali, kabla ya alfajiri, bila kuombwa. Alisema alitia mkono, akahisi yamepoa.

Jumatatu, 4 Agosti

Saa moja jioni, baada ya magharibi. Nilikuwa nabadilisha maji. Nikainua chupa ya kwanza kwenye taa, na ushanga mwekundu ulikuwa umelala chini, na juu yake kipande kifupi cha uzi kinachoelea kama nywele. Saa 56. Uzi wa maji ya mfereji mzima. Mshipi mzima.

Nilituma ujumbe mmoja. Dakika kumi baadaye walikuwa saba kibarazani, wawili na nguo za kulalia. Tuliutoa uzi kwa kibanio na kuulaza kwenye sahani nyeupe. Ncha yake haikuwa imekatika kama kwa mkasi. Imechongoka, imesambaratika, na ukiigusa kwa sindano inabaki kwenye sindano. Wa gredi ya sita alileta bakuli la maji bila kuambiwa, akauliza ni mangapi ya kuchukua. Katika uzi ule glukosi hazihesabiki. Akachukua yote, akayamimina juu ya mkeka.

Nyanya aliuliza kama ile leso yake bado inafaa kuvaliwa. Inafaa, ni uzi mmoja tu.

Jumanne, 5 Agosti

Mvulana wa ukungu alikuja peke yake asubuhi. Amefungua ngumi yake na kunionyesha kijiti cha kuchokolea meno, kimoja cha zile pete za kwanza, alikihifadhi tangu Juni. Anataka kukining'iniza katika maji ya mbuzi. Nimemwambia mti una kitu kingine zaidi ya selulosi, kiitwacho lignini, kimeizunguka kama saruji na hakina sukari ndani yake, na viumbe wa tumboni humo hawakiwezi. Akaniuliza kama nimewahi kuona. Sijawahi. Tumepima uzito wa kijiti kwenye mizani ya maabara: gramu 0.12. Bucha watatuwekea maji Jumamosi.